Cheti cha Kumshika Mbuzi

Ambrose alikatazwa kuwashika mbuzi Jumatatu asubuhi, wakati tayari alikuwa amemshika mmoja.

Mbuzi mwenyewe alikuwa namba mbili, mwenye tabia ya kutumbukiza mguu kwenye ndoo ya maji akashindwa kuutoa. Ambrose alikuwa amemkumbatia shingo, anauvuta ule mguu, Daktari Edith alipotokea. Hakuingia ndani. Alisimama nje ya kizingiti kama mtu aliyefika kwenye nyumba yenye surua.

"Mwachilie, Ambrose."

"Mguu umekwama, Daktari."

"Naona. Mwachilie tu hivyo hivyo."

Ambrose akamwachilia. Namba mbili akaondoka na ndoo yake, anagonga sakafu ko, ko, ko, na wenzake watano wakamkodolea macho.

Daktari Edith ndiye aliyekuwa mkuu wa utafiti wa mifugo katika kampasi hiyo ndogo nje ya mji wa Voi. Utafiti wake ulitaka kujua kama mbuzi anaweza kuvuka kiangazi kwa kula unga wa maganda ya mathenge, ule mti wa miiba unaostahimili ukame. Alikuwa na mbuzi majike sita, kila mmoja na kibao cha manjano sikioni chenye namba yake, na alikuwa na mlezi mmoja, yaani Ambrose. Sasa wafadhili kutoka ng'ambo walikuwa wameiandikia Nairobi, Nairobi ikaiandikia Voi: kuanzia siku hiyo, mfanyakazi yeyote wa chuo asiye na cheti cha mafunzo asimguse mnyama wa utafiti, wala asiingie alipo.

"Na wewe, Daktari, unacho hicho cheti?" Ambrose aliuliza kwa heshima zote.

"Nasubiri mafunzo kama wewe. Ndiyo maana nimesimama huku nje. Toka basi, umeshavunja kanuni dakika nzima."

Ambrose akatoka. Nyuma yake ndoo iliendelea kugonga sakafu mpaka ilipochomoka yenyewe, bila msaada wa mtu yeyote, aliyefunzwa wala asiyefunzwa.

*

Nyumbani kwake, chumba na sebule kwenye ploti ya wapangaji wanane, mkewe Peris alikuwa barazani anashona kaptula za shule. Binti yao Rita, aliyemaliza diploma ya uhasibu na sasa anahasibu siku za kukaa bure, alikuwa anatoa nyuzi.

"Hebu rudia," Peris alisema, mguu ukiwa bado kwenye cherehani. "Umechunga mbuzi tangu una meno ya utoto. Sasa unaenda kufundishwa mbuzi?"

"Si kuchunga. Kumshika. Kuna namna ya kumshika."

"Kwani wewe ulikuwa unamshika na nini?"

"Mama, hizo ni animal rights," Rita alisema. "Dunia yote iko hivyo siku hizi."

"Na haki za baba yako ziko kwa nani?"

Ambrose alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akavua kofia. Jambo lililomkera hakulitaja haraka. Mkataba wake ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi, na Daktari Edith alikuwa amemwambia wazi kwamba asiye na cheti hatasainiwa mwingine. Alipolisema hatimaye, cherehani ilinyamaza.

Peris alijua maana yake. Bila mkataba hakuna Voi. Wangerudi Rukanga, chini ya mlima Kasigau, kwa mama mkwe, kwenye shamba ambalo ndovu hulivuna kabla ya mwenyewe. Na Peris alikuwa ameondoka Rukanga kwa mikogo. Aliwaambia akina mama wa kanisa kwamba mume wake ameajiriwa na chuo kikuu, akaliacha neno hilo hewani bila kutaja mbuzi. Kurudi sasa na cherehani kichwani ni aibu ambayo hakuwa tayari kuibeba.

"Utaenda," alisema. "Utakaa mbele. Ukiulizwa kitu, jibu. Usipoelewa, tikisa kichwa kama watu waliosoma."

"Wanataka kila mtu aje na koti jeupe."

Peris alinyoosha mkono akavuta vitambaa vilivyobaki vya mashati ya shule. Jioni hiyo alimshonea koti. Kitambaa kilimalizikia kwenye viwiko, kwa hiyo mikono ikawa mifupi, na mfuko wa kifuani ukabaki na nafasi ya nembo ya shule ya msingi. Ambrose alilivaa, akajiangalia kwenye dirisha. Rita alicheka mpaka akajishika ubavu, halafu akampiga picha.

*

Mafunzo yalifanyika hotelini, karibu na barabara kuu, mahali penye kiyoyozi na sambusa. Waalikwa walikuwa wengi kuliko mbuzi. Alikuwepo mhasibu Kasyoki, walikuwepo wapishi wa kantini na askari wa lango, kwa sababu barua ilisema wafanyakazi wa chuo, na hakuna mkubwa aliyetaka kuwanyima watu wake chakula cha hoteli.

Mkufunzi aliitwa Bwana Alexander, mshauri kutoka Nairobi. Alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya kubembeleza, na viatu ambavyo havijawahi kukanyaga samadi. Alifundisha kutoka ukutani, slaidi baada ya slaidi. Alifundisha kwamba mnyama ana hisia. Watu wa Taita waliokuwa ukumbini, waliokua wakipigwa teke na hisia hizo, walitikisa vichwa.

"Na tusiseme kuchinja," Bwana Alexander alisema. "Utafiti ukiisha, mnyama anahitimishwa. Rudieni."

"Anahitimishwa," ukumbi ukaitikia.

"Na siku hiyo ashikwe na mtu aliyemzoea, mwenye cheti. Mikono anayoijua. Hapo haogopi. Huo ndio utu."

Ambrose alilipenda neno hilo. Alitikisa kichwa kwa dhati, siyo kama Peris alivyomwagiza.

Shida ilikuja kwenye mafunzo ya vitendo. Ili kupata cheti, sharti umshike mbuzi hai mbele ya mwenye cheti. Lakini asiye na cheti haruhusiwi kumshika mbuzi. Bwana Alexander aliitazama slaidi yake kwa muda, akasema suala hilo limewahi kujitokeza kwingine, atapiga simu. Kwa sasa wafanye mazoezi kwa mfano. Kasyoki akajitolea kuwa mbuzi. Alipiga magoti kwenye zulia na tai yake, akalia mee, na mmoja baada ya mwingine wakamshika kidevu na kiuno, kwa upole, wakimsemesha asiogope. Ambrose zamu yake ilipofika alimwinua Kasyoki mzima mzima akamgeuza matako chini ili amwangalie kwato. Aliambiwa hiyo haimo kwenye mtaala.

"Na mbuzi wenyewe," Ambrose aliuliza, "saa hii wako na nani?"

Daktari Edith alikohoa. "Wako na Maxwell."

*

Maxwell alikuwa dereva wa chuo, kijana wa Mahoo kule Taveta, mtanashati, asiyetoka bila tai. Ndiye mtu pekee katika kampasi nzima aliyekuwa na cheti. Mwaka uliotangulia alimpeleka bosi mmoja kwenye mafunzo kama hayo Nairobi, akaingia ukumbini saa ya chakula. Wakaambiwa kila aliyekula asaini. Akasaini. Baada ya miezi michache cheti kikamfuata kazini, na jina lake limeandikwa kwa wino wa dhahabu.

Sasa sheria ilikuwa imemgeuza mchungaji, naye aliogopa mbuzi. Alipokuwa mdogo, beberu wa jirani alimpiga pembe ya mgongo akamtupa kwenye mfereji wa kunyweshea migomba, na tangu siku hiyo hakupatana na jamii hiyo. Siku ya kwanza alirusha unga wa mathenge kutoka dirishani. Nusu ilimwangukia namba tano mgongoni. Maji alijaribu kuyapeleka kwa mpira wa kuoshea magari. Siku ya pili mchana alimpigia Ambrose simu hotelini.

"Mzee Ambrose, hizi mbuzi zinaniangalia vibaya. Na zinalia. Zinalia mpaka wanafunzi wanakuja kuniuliza nimezifanya nini."

Ambrose aliomba ruhusa ya kwenda msalani, akaenda kampasi. Aliwakuta mbuzi wamebanana mlangoni, ulimi nje, mabirika makavu, namba nne amelala chini. Walipomwona walipiga kelele zote kwa pamoja. Alinyoosha mkono kuvuta kitasa, halafu akamwona askari wa lango anamtazama, yule yule waliyekaa naye slaidi moja jana. Akaurudisha mkono mfukoni. Aliona uchungu kiasi cha kutaka kulia, na aliona hofu pia, maana mbuzi wakikonda atakayeulizwa ni yeye, siyo Maxwell.

Alimpata Daktari Edith kwenye korido ya hoteli, na sahani yake ya sambusa.

"Vumilia, Ambrose. Vyeti vinachapishwa Nairobi. Wiki moja, wiki mbili."

"Mbuzi hawajui kuvumilia wiki mbili, Daktari."

"Mikono yangu imefungwa," alisema, akachukua sambusa nyingine kwa mkono mmojawapo.

Hapo ndipo Ambrose alipofanya lile ambalo mtu yeyote wa Kasigau angelifanya. Kwao mtu akiugua, akifiwa, au akisafiri, mifugo haikai ikilia zizini. Hupelekwa kwa ndugu, ikalelewa huko, na mwenyewe akipata nafasi huja kuichukua, na ndugu hubaki na kitoto chake cha shukrani. Huko ndiko kufugishana. Ambrose aliipitia ile kanuni kichwani. Ilisema asiye na cheti asimguse mnyama. Haikusema mnyama asiende Rukanga.

Maxwell hakuhitaji kubembelezwa. Alileta pikapu ya chuo akairudisha kinyumenyume hadi mlangoni, akafungua kwa ncha ya ufagio, akakimbilia nyuma ya usukani. Ambrose alisimama mbali, mikono mgongoni kama padri, akapiga mluzi. Mbuzi wote sita wakapanda wenyewe. Yeye hakumgusa hata mmoja. Kwa kuwa alitakiwa kurudi kwenye kipindi cha alasiri, alimwomba Rita aende nao ili awakabidhi kwa nyanya yake.

Kisha akapiga simu kwa mama yake. Simu ilikuwa dukani inachajiwa, kwa hiyo ilipokelewa na mwenye duka. Ambrose alimwagiza amwambie mama kwamba leo mbuzi wanakuja na gari la chuo, na Rita yuko nao. Mwenye duka alifikisha ujumbe huo kama ulivyo. Hakuongeza chumvi hata chembe.

*

Rukanga mbuzi hawaji hivi hivi. Mbuzi wa kufugishwa huletwa na mwenyewe, kwa miguu, jioni, kimyakimya, kwa kuwa hakuna anayetaka jirani ajue ana wangapi. Lakini mbuzi wanaoletwa mchana kweupe na gari, na kijana mwenye tai, na binti wa boma amekaa kiti cha mbele, hao kila mtu anajua wamefuata nini.

Pikapu ilipopita njia panda ya kanisa, akina mama walikuwa wameshaanza kupiga vigelegele. Ilipofika kwa nyanya yake Rita, Bi Mghoi, Mzee Mwandawiro alikuwa ameshavaa koti. Huyu alikuwa kaka wa marehemu babake Ambrose na msemaji wa ukoo kwa mambo yote mazito. Viti vilikuwa vimetolewa. Maxwell alishuka, akatoa kofia, akainamisha kichwa kama alivyofunzwa na mama yake kufanya mbele ya wazee.

"Shikamoo wazee. Nimetumwa na wakubwa wangu nilete mbuzi hawa. Wameomba muwapokee na muwatunze vizuri."

"Marahaba. Na hao wakubwa wako wapi?"

"Wako kwenye mkutano, hotelini. Watakuja wenyewe baadaye."

Wazee wakatazamana. Watu wa mikutano hotelini.

"Babu," Rita alisema, "huyu ni dereva tu. Hawa mbuzi ni wa chuo, baba anataka tu—"

"Dereva ni kazi nzuri," Mzee Mwandawiro alimkata. "Babu yako alikuwa kibarua wa reli, na nyanya yako hakumkataa. Nenda jikoni, mwanangu. Haya si maneno ya wewe kusema."

"Lakini babu, si—"

"Wote husema hivyo siku ya kwanza," shangazi mmoja alisema, akimvuta mkono kuelekea jikoni, na wanawake wakacheka kwa raha.

Wazee waliwakagua mbuzi. Walinung'unika kidogo kwamba hamna dume hata mmoja, wakakubaliana kwamba watu wa Taveta hawajui taratibu lakini wana nia njema. Mbuzi wa posa hawapokelewi kavu, sharti mmoja achinjwe. Walipapasa matumbo, wakaona hakuna mwenye mimba, wakamchagua namba nne, yule wa kahawia mwenye baka jeupe usoni. Mzee Mwandawiro alimtoa kibao cha manjano sikioni, akakitia mfukoni kwa sababu kilikuwa kizuri. Rita alipotoka jikoni na sufuria ya maji aliyotumwa, alikuta ngozi imeshatandazwa.

Maxwell alipewa sahani ya kwanza. Alidhani huo ndio ukarimu wa Kasigau unaosifiwa, akala. Mbuzi ndani ya mchuzi hakumtisha. Alielewa pale tu bibi mmoja alipomuuliza mama yake ana dada wangapi, ili kina mama wajue watapika kiasi gani siku ya siku. Alilitafuna swali hilo pamoja na mfupa, kisha akasimama, akaenda mpaka karibu na shule ambako mtandao hushika.

"Mzee, tumefika salama."

"Mbuzi wako sawa?"

"Wako sawa," Maxwell alisema. "Watano wako sawa."

*

Ambrose alipokea habari hiyo katikati ya slaidi ya kuhitimisha. Na kama vile hilo halikutosha, Bwana Alexander akatangaza kwamba simu zake zimezaa matunda: Nairobi imekubali. Kesho saa nne asubuhi washiriki wote watawashika mbuzi hai, chini ya usimamizi wa mwenye cheti, na vyeti vitatolewa papo hapo. Watu wakapiga makofi. Ambrose alipiga pia.

Alimweleza Daktari Edith kila kitu kwenye ngazi ya nyuma. Alisikiliza bila kupepesa. Utafiti wake ulikuwa na mbuzi sita, ripoti yake sita, wafadhili wake sita.

"Wazee wamemla?"

"Mmoja tu, Daktari. Namba nne."

"Mimi sijasikia hilo. Umenielewa? Kesho saa nne nataka kuona sita. Nikiona watano, itabidi niandike, na nikiandika, jina la kwanza ni lako. Mkataba usahau."

Jua lilikuwa linazama Ambrose na Peris walipofika Rukanga na Maxwell, aliyerudi Voi kuwachukua. Njiani, walipopita Maungu, Peris alikuwa amesema, "Vigelegele. Wamempigia mwanangu vigelegele kwa mbuzi wa mathenge."

Mzee Mwandawiro alisikia kisa chote akiwa amefumba macho. Kosa hakuliona upande wake. Mbuzi waliopokelewa wamepokelewa. Mwanamume akijitoa, mbuzi hubaki. Binti akikataa, mbuzi hurudi wote, na aliyeliwa hulipwa kwa mwingine mwenye kwato nne. Hakuna njia ya tatu.

Basi ikabidi Rita aitwe mbele ya watu wale wale waliompigia vigelegele. Alisimama, kanga kiunoni, uso umemuiva.

"Nimekataa."

"Umekataa nini?" Mzee Mwandawiro aliuliza, maana lazima itajwe.

"Nimekataa mbuzi."

"Na mtu je?"

Rita alimtazama Maxwell aliyekuwa anachunguza vidole vyake vya miguu. "Mtu hajaniuliza kitu."

Shangazi yule wa jikoni alianza kukusanya sahani kwa kelele. Maxwell alijikuta ameumia, na hakuelewa ni kwa nini, kwa kuwa alikuja kuleta mbuzi tu.

Kilichobaki kilikuwa mbuzi wa sita. Mzee Mwandawiro aliwageukia wenzake waliokula, na kila mmoja akakumbuka jambo alilokuwa anaangalia mlimani. Kiangazi kilikuwa kimewamaliza. Ambrose aliinamisha kichwa. Hapo Bi Mghoi akainuka kwenye kigoda chake, akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na mbuzi wake wa pekee, rangi ya kahawia, baka jeupe usoni. Alimwita Shantel, jina alilolisikia redioni akalipenda. Ndiye aliyempa maziwa ya chai.

"Mama, hapana," Ambrose alisema.

"Sijakupa. Nimekufugisha," mama alisema. "Ana mimba. Akizaa, kitoto cha kwanza ni chako, yeye atarudi kwangu. Ila usimwache ashikwe na watu usiowajua. Mikono migeni inamtia kiwewe. Mshike wewe."

Mzee Mwandawiro alitoa kile kibao mfukoni kwa masikitiko. Walikifunga sikioni mwa Shantel kwa waya wa uzio.

*

Saa nne asubuhi Daktari Edith alihesabu sita. Aliangalia waya kwenye sikio la namba nne, kisha akaangalia dari. "Mimi nimeona sita. Wewe umeona wangapi?"

"Sita, Daktari."

Maxwell alisimamia kutoka nje ya uzio. Ambrose, na koti lake la mikono mifupi, alimshika Shantel kidevu na kiuno, akamsemesha kwa Kidawida, lugha ya kwao, na mbuzi akatulia akamlalia gotini. Bwana Alexander alisema hajaona mshiko mzuri hivyo tangu aanze kufundisha. Kasyoki aliumwa kidole na namba mbili, akapewa cheti vile vile.

Mkataba ulisainiwa, mwaka mzima. Peris aliweka cheti kwenye fremu, akakitundika sebuleni mahali ambapo mgeni hawezi kukikwepa, na akina mama wa kanisa walipita mmoja mmoja kukiona. Rita alipata kibarua kwenye duka la mbolea. Maxwell alianza kununua mbolea, ingawa hakuwa na shamba.

Na namba nne akanenepa. Wenzake waliongezeka kidogo kidogo kwa ule unga, lakini yeye alipanda kila wiki, tumbo likitanuka pande zote. Daktari Edith alimpiga picha akaibandika ofisini, akawatumia wafadhili. Wafadhili walijibu kwamba wanasubiri kwa hamu kuona ndani ya tumbo hilo utafiti ukiisha.

Ambrose alijaribu mara moja. "Daktari, namba nne ana mimba."

"Mbuzi wenye mimba hawaruhusiwi kwenye utafiti huu," Daktari Edith alijibu bila kuinua macho. "Kwa hiyo hana."

Ambrose alifikiria kwenda mnadani kutafuta mwingine wa kahawia, lakini ni nani angemsahau mbuzi mwenye picha ukutani? Alimwambia Peris. Peris alikuwa anakata kitambaa, na mkasi haukusimama.

"Ukisema huyo siye namba nne, watakuuliza namba nne yuko wapi."

"Ni mbuzi wa mama."

"Najua ni wa nani. Nilikuwepo." Sasa mkasi ulisimama. "Unadhani mimi sioni huruma? Lakini niambie tutakula hiyo huruma na nini."

Kila Jumapili mama yake alipiga simu kutoka dukani kumuulizia mbuzi, na kila Jumapili Ambrose alisema hajambo, anakula vizuri, na hilo halikuwa uongo.

Siku ya kuhitimisha ilifika Alhamisi. Meza ilikuwa imetandikwa plastiki nyeupe. Daktari Edith alikuwa na cheti chake kipya, Bwana Alexander alikuja kutoka Nairobi kushuhudia, na daktari wa mifugo aliletwa na sindano yake. Walianza na namba moja wakaenda kwa mpangilio, na Ambrose alimshika kila mmoja kama alivyofunzwa, akimsemesha, hadi anapolegea mikononi mwake. Namba tatu alipotolewa, simu yake ililia mfukoni. Aliomba dakika moja akatoka nje.

"Ambrose, mwanangu. Nimemwota Shantel. Siku zake zimekaribia. Hajazaa?"

"Bado, mama."

"Usimwache peke yake akianza. Huwa anaogopa."

"Sitamwacha."

"Na hao wasomi wako wasimshike. Nilikwambia."

Ndani, Bwana Alexander alikuwa anaita kwa ile sauti yake ya kubembeleza. Shantel alikuwa amesimama mlangoni, tumbo zito, sikio lenye waya limemgeukia, anamsubiri atangulie.

"Hawatamshika, mama," Ambrose alisema. "Nitamshika mimi mwenyewe."